Punje ya Kwanza Hutoka Wapi?

Mzee aliinama, akachota chumvi ya juzi kiganjani, akainyunyiza polepole juu ya jaruba ambalo maji yake yalikuwa yametulia tangu alfajiri.

Nilikuwa nimefika kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Msijute, Mtwara, kumsindikiza shemeji yangu, aliyetaka magunia mawili ya kutengenezea ng'onda. Wakati wenzangu wakipatana bei, mimi nilibaki kwenye tuta nikimtazama yule mzee, na nikamwuliza kwa nini anarudisha chumvi majini wakati kazi yake ni kuitoa.

"Chumvi humfuata mwenzake, mwalimu," alinijibu. "Jaruba hili nikiliacha hivi hivi litashika, lakini litajichagulia siku."

Nilimweleza kile ninachowaeleza wanafunzi wangu: jua hukausha maji, chumvi huzidi kiasi ambacho maji yaliyobaki yanaweza kubeba, na ile iliyozidi hujitenga. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanionyesha majaruba mawili yaliyopakana. Yote mawili yalikuwa yamekolea tangu jana alasiri, yalijazwa kutoka bwawa moja, na jua lililoyapiga lilikuwa lile lile. Moja lilikuwa limeanza kushika, la pili lilikuwa bado maji matupu.

"Na ile punje ya kwanza kabisa, mwalimu, ambayo haikuwa na mwenzake, yenyewe ilimfuata nani?"

Sikuwa na jibu, na kwa majuma sita swali hilo halikuniacha.

Kiwango na tukio

Kwa miaka 14 nimeandika ubaoni kwamba maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Wanafunzi wamenakili, na mitihani imesahihishwa hivyo. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini inaficha jambo ambalo mzee wa chumvi amelijua kwa macho yake. Nyuzi 0 ni kiwango ambacho chini yake barafu ndiyo hali iliyo nafuu zaidi kwa maji, yaani hali yenye nishati huru iliyo pungufu. Kiwango hicho kinasema kwamba kuganda kunawezekana. Hakisemi kutaanza saa ngapi, wala kutaanzia wapi.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi mtu akilinganisha kwenda na kurudi. Barafu ikifika nyuzi 0 na kuendelea kupashwa joto haikawii, huyeyuka, kwa sababu molekuli za usoni mwake zimeshikwa na wenzao wa upande mmoja tu, na kwa hiyo umajimaji hupata pa kuanzia bila kutafuta. Maji yanayopoa hayana uso wa namna hiyo. Ndiyo maana maji safi yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki maji, na matone madogo mno yasiyo na uchafu wowote hustahimili mpaka karibu na nyuzi 38 chini ya sifuri.

Nyuzi 38 chini ya sifuri, na bado ni maji.

Kwa chumvi, hesabu ni ya namna hiyo hiyo. Gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi ya kawaida, na jotoridi halibadilishi sana kiasi hicho. Hata maji yakifika nyuzi 100, kiasi hupanda hadi takriban gramu 39 tu. Nilipokumbuka tarakimu hizi, maelezo niliyokuwa nimejitengenezea njiani kurudi nyumbani, kwamba huenda usiku jaruba moja lilipoa kuliko jingine, yaliporomoka. Ubaridi wa usiku wa pwani yetu hauwezi kuleta tofauti ile. Majaruba yote mawili yalikuwa yamevuka kiwango, ila moja lilipata mwanzo na la pili halikupata.

Chupa 12

Siwezi kuketi kandokando ya jaruba kwa majuma sita, kwa hiyo nilihamishia swali kwenye maji na barafu. Jirani yangu ana duka lenye friza, naye alinikubalia nitumie kona moja. Nilichukua chupa ndogo 12 za plastiki za aina moja, nikazipa namba, nikazijaza maji yaliyochemshwa na kuchujwa, kisha kila usiku nikawa nazipanga upya ili isiwepo chupa yenye kukaa siku zote karibu na ukuta wa friza.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika na kazi yote ikapotea. Usiku wa pili, baada ya saa mbili na nusu hivi, chupa saba zilikuwa zimeganda, na tano zilikuwa maji. Nilizitoa zile tano kwa uangalifu, moja baada ya nyingine. Nilipoigonga ya kwanza mezani, barafu ilishuka ndani yake kutoka shingoni hadi kitakoni kwa muda wa pumzi moja. Mtoto wa jirani aliyekuwa akitazama aliruka nyuma, kisha akaomba agonge yeye inayofuata.

Nilitaka kujua jotoridi la maji kabla ya kuganda, nikatumbukiza kipimajoto katika chupa nyingine. Maji yaliganda pale pale kukizunguka, na kipimo kikasimama kwenye nyuzi 0. Niliona uchungu kidogo, maana nilikuwa nimekiharibu nilichotaka kukipima kwa kule kukipima tu. Kesho yake nilikifunga kipimajoto nje ya chupa, nikakizungushia kitambaa, nacho kikasoma nyuzi 6 chini ya sifuri huku maji yakiwa bado maji.

Wala barafu ile haikuwa ngumu. Chupa ya namna hiyo ukiifungua hutoa uji wa barafu, kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto lililofichika ndani yake, na joto hilo huyapandisha mara moja hadi nyuzi 0 na kuusimamisha mchakato. Kwa maji yaliyoanzia nyuzi 6 chini, ni kama asilimia 8 tu yanayoganda katika mlipuko ule wa kwanza. Mengine husubiri friza iondoe joto lililobaki.

Baada ya usiku tisa nilikuwa na daftari lenye mambo mawili yasiyofanana. Chupa 11 ziliganda kwa mpangilio uliobadilika kila usiku: iliyotangulia leo ilichelewa kesho, na sikuona utaratibu wowote. Chupa namba 4 haikuwa hivyo. Kila usiku ilikuwa ya kwanza au ya pili, popote nilipoiweka. Niliyahamishia maji yake kwenye chupa namba 9, nayo namba 9 haikubadilika tabia. Niliijaza namba 4 maji mapya, ikaendelea kutangulia. Nilipoiinua kwenye mwanga niliona mkwaruzo ndani yake, karibu na kitako.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba swali la mzee lilikuwa maswali mawili. Kuna mwanzo wa bahati, ambao mtu anaweza kuutolea uwezekano tu, na kuna mwanzo wenye mahali.

Jambo hili linagusa pia kazi ya Erasto Mpemba, aliyegundua mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ungali moto uliganda mapema kuliko uliopozwa kwanza, na ambaye mwaka 1969 alichapisha makala pamoja na Denis Osborne. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha kwamba kupoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda kunaweza kuwa sehemu ya maelezo, na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walihoji kama athari yenyewe ipo. Baada ya chupa zangu 12, sishangai kwamba mabishano yamedumu. Ukipima kwa kuangalia barafu imetokea lini, unapima pia bahati na mikwaruzo ya chombo.

Magunia ghalani

Kwa nini mwanzo uwe mgumu, ikiwa barafu ni nafuu zaidi kwa maji?

Fikiria magunia ya korosho yaliyopangwa ghalani, matatu kwa urefu, matatu kwa upana na matatu kwenda juu. Jumla ni 27, na kati ya hayo ni moja tu ambalo halioni nje. Ukipanga 10 kwa 10 kwa 10, magunia ni 1,000 na yaliyo nje ni 488, pungufu ya nusu. Ukifika 100 kwa kila upande, yaani magunia 1,000,000, yaliyo nje ni 58,808 tu. Rundo dogo ni karibu uso mtupu, na kadiri rundo linavyokua ndivyo ndani kunavyoushinda uso.

Molekuli iliyoko ndani ya fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, imezungukwa na wenzake pande zote, nayo ndiyo inayopata ile nafuu. Iliyoko usoni imekosa majirani wa upande mmoja, na uso huo una gharama tunayoiita mvutano wa uso. Kwa hiyo kifuwele cha molekuli chache, kinapojikusanya kwa bahati katikati ya maji, kina gharama kubwa kuliko faida, na huyeyuka. Kingine hujikusanya, nacho huyeyuka. Haya hutokea kila sehemu ya maji, muda wote, bila sisi kuona chochote, mpaka kimoja kifikie ukubwa fulani ambapo kuongeza molekuli moja zaidi huleta nafuu kuliko gharama. Kuanzia hapo hukua chenyewe. Wanafizikia hukiita kiini cha kizingiti, na tukio zima huitwa nukliesheni. Mimi napenda kuliita kuzaliwa kwa kiini.

Josiah Willard Gibbs wa Marekani ndiye aliyeweka msingi wa hesabu hii katika maandishi yake ya 1876 hadi 1878. Max Volmer na A. Weber waliigeuza mwaka 1926 kuwa nadharia ya kasi, na Richard Becker na Werner Döring waliikamilisha mwaka 1935. Kinachonivutia ni ukali wake. Kilima cha nishati ambacho kiini sharti kikivuke hupanda kwa kipeo cha tatu cha mvutano wa uso, na hushuka kwa mraba wa nguvu inayosukuma mabadiliko, na uwezekano wa kukivuka hubadilika kwa kasi mno kadiri kilima kinavyobadilika. Kwa hiyo maji yaliyoshuka nyuzi chache chini ya sifuri yanaweza kusubiri muda usio na mwisho wa kibinadamu, ilhali yakishushwa zaidi kidogo hayasubiri hata sekunde.

Zaidi ya miaka 150 kabla ya Gibbs, Daniel Gabriel Fahrenheit alikuwa amekwisha kuliona jambo lenyewe. Mwaka 1721 aliyafungia maji ya mvua yaliyochemshwa ndani ya tufe la kioo, akayaacha usiku kwenye baridi ya kama nyuzi 9 chini ya sifuri za Selsiasi, na asubuhi akayakuta ni maji. Baadaye alijikwaa ngazini akiwa amebeba chombo cha namna hiyo, na maji yakajaa barafu mkononi mwake.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikamkumbuka mtoto wa jirani alivyoruka nyuma.

Mahali pa kuegemea

Mkwaruzo wa chupa namba 4 sasa ulikuwa na maana. Kiini kikizaliwa kikiwa kimeegemea kitu, sehemu ya uso wake inagusa kile kitu badala ya kugusa maji, na kama kile kitu kinapatana nacho, gharama hupungua na kilima hushuka. Katika ufa au mkwaruzo hupungua zaidi. Karibu kila mwanzo tunaouona duniani ni wa namna hii: vumbi, ukuta wa chombo, uzi uliodondoka, punje ya jana.

Vincent Schaefer aliufanyia kazi mwanzo wa barafu mawinguni mwaka 1946 nchini Marekani. Alidondosha barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ambayo huanzisha barafu kwa baridi yake kali, kwenye friza iliyojaa mvuke wa pumzi yake na kuona vifuwele vya barafu vikizagaa, na Novemba mwaka huo huo akanyunyizia barafu kavu kwenye wingu kutoka kwenye ndege. Mwenzake Bernard Vonnegut aligundua kwamba iodidi ya fedha nayo huanzisha barafu, ila yenyewe kwa kuipa mahali pa kuegemea, kwa kuwa mpangilio wa fuwele zake unakaribiana na ule wa barafu. Na kabla ya wanadamu kufikiri hivyo, kuna bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, ambaye protini zilizoko juu ya ganda lake huyapangilia maji yagande kwenye takriban nyuzi 2 chini ya sifuri, na hivyo kujeruhi majani ya mimea anayoishi juu yake.

Lakini habari iliyonikosesha usingizi ni ya dawa. Ritonaviri, dawa ya kupunguza makali ya VVU, iliingia sokoni mwaka 1996. Molekuli yake ilijulikana kuwa na namna moja ya kujipanga katika fuwele. Mwaka 1998 vidonge vikaanza kushindwa majaribio ya kuyeyuka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ndani yake imezaliwa fuwele ya namna ya pili, yenye molekuli zile zile zilizojipanga vingine, imara zaidi na ngumu kuyeyuka mwilini. Mara ilipokwisha kuzaliwa, mbegu zake zilienea hata katika maabara ambamo haikuwapo, na ile namna ya kwanza ikawa vigumu kuipata tena. Vidonge viliondolewa sokoni hadi dawa ilipoundwa upya.

Namna ile ya pili ilikuwa nafuu zaidi kwa molekuli hizo tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa haijapata mwanzo. Watu waliitegemea dawa hiyo kuishi, na mwanzo huo ukaja katika siku ambayo hakuna aliyeichagua. Nikayasikia upya maneno ya mzee: litajichagulia siku.

Punje iliyopigwa picha

Yote hayo yalijibu swali la jaruba lililoshika kabla ya mwenzake. Yumkini lilikuwa na vumbi zaidi, au mabaki ya jasi sakafuni, ile jasi inayojitenga kabla ya chumvi maji ya bahari yanapokauka, na ambayo huko Kilwa watu huichimba ardhini. Lakini hayakujibu la punje isiyo na mwenzake, na hapa ndipo niliposhuku hata ile hesabu nzuri ya Gibbs.

Hesabu hiyo inakichukulia kiini chenye chembe chache kana kwamba ni fuwele kubwa iliyopunguzwa ukubwa, yenye ndani iliyokamilika, uso unaoonekana na mvutano ule ule tunaoupima kwenye vitu vikubwa. Je, kitu chenye chembe 40 kina ndani? Kina uso? Mwaka 1997 Pieter Rein ten Wolde na Daan Frenkel walionyesha kwa kompyuta kwamba protini huweza kujikusanya kwanza kama tone zito lisilo na mpangilio, na fuwele ikazaliwa baadaye ndani ya tone hilo. Njia hiyo ina hatua mbili, nayo ilikuwa haimo katika hesabu ya zamani. Mwaka 2001 Stefan Auer na Frenkel walikokotoa kasi ya kuzaliwa viini katika mojawapo ya mifumo iliyo rahisi kabisa, yaani vitufe vigumu vinavyoelea kwenye kimiminika, na mahali fulani tofauti kati ya hesabu na vipimo vya maabara ikawa ya kuzidisha kwa 10 mara nyingi mfululizo. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho siwezi kusema tena kwamba jambo limeeleweka.

Kisha nikakuta kazi ya Tokyo.

Mwaka 2021 kundi la Eiichi Nakamura la Chuo Kikuu cha Tokyo lilichapisha picha za video za kuzaliwa kwa fuwele, na fuwele yenyewe ilikuwa ya chumvi ya kawaida. Waliiweka chumvi ndani ya mrija wa kaboni wenye umbo la pia, mwembamba kuliko kitu chochote ninachoweza kukilinganisha nacho, ukitikisika taratibu chini ya hadubini ya elektroni. Katika ncha ya pia hiyo ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazounda chumvi, zilijikusanya, na waliona kuzaliwa kwa kiini mara tisa. Kila kiini kilikuwa na takriban jozi 48 za sodiamu na klorini.

Jozi 48. Punje moja ya chumvi yenye upande wa milimita 0.3, ambayo ningeipangusa mezani bila kufikiri, ina jozi kama bilioni 600 zilizozidishwa mara milioni 1.

Lakini si idadi iliyonisimamisha. Kabla ya fuwele kutokea, kile kikundi cha ayoni kilikuwa kikibadilika badilika, mara kikawa bonge lisilo na sura, mara kikaanza kujipanga, kisha kikapoteza mpangilio, kikaanza tena. Halafu ghafla mraba ulitokea, nao ukabaki. Niliirudia video hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa miaka yote niliyofundisha, nilichora ubaoni mshale mmoja kutoka kwenye maji hadi kwenye fuwele, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu.

Naona pia mpaka wa picha hizo. Ncha ya pia ni ukuta, na ukuta ni mahali pa kuegemea. Punje iliyozaliwa katikati ya maji bila kuegemea chochote bado haijaonekana humo.

Majarubani

Jumamosi iliyopita nilirudi Msijute. Nilimwamkia mzee, tukakaa kwenye kivuli cha kibanda, nikamweleza habari za chupa, za mkwaruzo na za dawa. Nilipofika kwenye video ya chumvi nilimchorea kwa kidole mchangani jinsi ayoni zinavyokusanyika na kutawanyika.

"Kwa hiyo hata hao wenye mitambo wanaiona ikiwa imekwisha kuanza," alisema.

"Hapana, mzee. Wameiona ikijaribu."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akainuka, akanipeleka kwenye jaruba la mwisho ambalo siku hiyo hakulinyunyizia kitu. Maji yalikuwa mazito, yamekolea, na upepo ulikuwa umetulia. Tulichuchumaa pamoja kwenye tuta, yeye upande wake na mimi wangu, bila kuzungumza. Alikuwa amenieleza kwamba punje za mwanzo hutokea juu, pale hewa inapokausha maji, nazo huelea kidogo kabla ya kuzama.

Nilichagua eneo dogo lenye ukubwa wa kiganja, nikalikazia macho. Palikuwa na maji matupu. Sidhani kama nilipepesa.

Nilipoiona, tayari ilikuwa na pembe nne.